Dada Asnath na Pori la Ng'ambo ya Koga

Mchungaji, wazee wa kanisa, viongozi wa kijiji, wafiwa wenzangu, na ninyi nyote mliokatisha shughuli zenu kuja Ipole leo, wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Kwa wasionifahamu, mimi naitwa Fikiri Masolwa, mdogo wake marehemu, niliyemfuata kuzaliwa, na familia imeniomba nisimame niwasomee maisha ya dada yetu. Mchungaji amenikumbusha nisiwe mrefu, lakini amenisihi pia nisiliruke lile ambalo wengi wenu mlilisikia nusu nusu, yaani kwa nini muuguzi, mama mtu mzima mwenye wajukuu, alitafuta bunduki akajifunza kuwinda.

Marehemu Asnath Masolwa Luhende alizaliwa tarehe 17 Juni 1962 huko Nzega, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa mzee Masolwa Luhende na mama Agnetha, ambao wote wametutangulia. Wazazi wetu walilima pamba na mahindi na kufuga ng'ombe kidogo, na dada alichunga pamoja na sisi wavulana, ingawa mama hakupenda, kwa sababu dada alikuwa mtoto asiyeweza kuacha kitu kilichopotea, na ndama akipotea yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kurudi nyumbani.

Alisoma shule ya msingi pale pale Nzega kuanzia mwaka 1970, akaendelea na sekondari mjini Tabora, na mwaka 1981 akajiunga na mafunzo ya uuguzi, akahitimu mwaka 1984. Alianza kazi Nzega, na mwaka 1988 akahamishiwa zahanati hapa Ipole, mahali ambapo wakati ule watumishi wengi walipapokea kama adhabu, lakini yeye alifika na sanduku lake juu ya baiskeli ya kukodi, akasafisha chumba cha kuzalishia siku hiyo hiyo, na hakuhama tena. Humu ndani nawaona watu wazima wenye ndevu waliopokelewa duniani na mikono yake.

Mume wake, Erasmus Mihambo, mkulima wa tumbaku na mfuga nyuki, alimfahamu hapo hapo zahanati, siku alipomleta jirani yake aliyeumwa na nyuki hadi uso ukafunga macho, na wakati dada anamhudumia mgonjwa, Erasmus alikaa kwenye benchi akitoa miiba kwenye mikono yake mwenyewe bila kusema kitu. Dada alimuuliza kwa nini hakusema kama na yeye ameumwa, naye akajibu, "Mimi nao tumezoeana." Walifunga ndoa tarehe 9 Septemba 1989 katika kanisa hili, wakajaliwa mabinti wawili, Julieth, aliyezaliwa mwaka 1990, na Suzana, aliyezaliwa mwaka 1994, ambao leo mmoja anaishi Dodoma na mwingine Mwanza. Walikuwa watu wawili wa maneno machache, na mtu aliyewatembelea jioni angeweza kudhani wamegombana, kumbe ndivyo walivyostarehe.

Jumatatu tarehe 6 Agosti 2018, Erasmus aliaga asubuhi kwamba anakwenda kukagua mizinga yake, akafunga kitita chake cha unga na kamba nyuma ya baiskeli, na hakurudi. Wanakijiji walikwenda kumtafuta, na baiskeli yake ilikutwa imeegemezwa kwenye mti karibu na mto Koga, upande wa huku, ikiwa imefungwa mnyororo vizuri. Askari wa wanyamapori walivuka wakatafuta ng'ambo, lakini pori la kule ni kubwa, hakuna njia, na baada ya muda mvua za kwanza ziliponyesha na kufuta kila alama, watu walirudi majumbani kwao, na mimi niliyetoka Nzega nami nikarudi kwangu, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Hapo ndipo dada yetu alipoanza kuishi maisha ambayo sijui niyaiteje. Hakuwa mke, kwa maana mume hayupo, na hakuwa mjane, kwa maana hakuna kaburi. Akina mama wajane wa kanisa walimwita kwenye umoja wao kwa nia njema kabisa, akawashukuru, akawaambia, "Mimi bado sijafiwa." Ndugu wa mume walitaka matanga yafanyike yaishe, akakataa. Kisha likazuka neno, na sitamtaja aliyelianzisha kwa sababu leo si siku yake, kwamba Erasmus hakufa, ila amekwenda Mpanda, ana mwanamke huko na mtoto mchanga, na kwamba baiskeli aliiacha mtoni makusudi. Neno lile lilimfika dada akiwa kazini, kutoka kwa mama mjamzito aliyekuwa anapimwa, na inasemekana aliendelea kupima, akaandika kadi, akamwambia yule mama arudi mwezi ujao.

Nilipokuja kumwona Krismasi ya mwaka ule, nilikuta bado anapika ugali wa watu wawili. Nilimwambia aje akae Nzega, au aende kwa Julieth Dodoma. Akaniuliza, "Na akirudi akute mlango umefungwa?" Mabinti walimpigia simu kila Jumapili, na yeye aliwaambia hajambo, na baada ya simu nyumba ilikuwa kimya mpaka Jumapili nyingine.

Alijaribu mwenyewe kuingia porini mwaka 2019, kwa miguu, akavuka Koga wakati wa kiangazi, na hakufika mbali. Askari aliyemkamata anaitwa Saidi, na yuko hapa nasi, amesafiri kutoka kituo chake kipya. Saidi alimweleza kwa heshima kwamba vibali vya wafuga nyuki vinaishia mtoni, na kwamba kule ng'ambo ni kitalu cha uwindaji, haingii mtu ila mwenye leseni, tena akiwa na askari. Dada akamuuliza, "Leseni hiyo mkazi wa hapa anaweza kuomba?" Saidi akasema, "Anaweza, mama, kama ana bunduki na anajua kuwinda." Dada akasema, "Basi nitajifunza," na Saidi anakiri kwamba alidhani mama amechanganyikiwa, akamsindikiza hadi barabarani.

Ndivyo ilivyoanza. Alikwenda kwenye kamati ya ulinzi na usalama ya kijiji kuomba barua ya kumwezesha kumiliki silaha, na mwenyekiti wa wakati ule akamuuliza, "Mama muuguzi, wewe kazi yako kuponya, bunduki ya nini?" Akajibu, "Ya kuwindia, mwenyekiti, na maombi yangu yako mbele yako." Watu walicheka, mmoja akasema ataishia kuwinda panzi, lakini barua aliipata, akaipeleka polisi, akaitwa akahojiwa, akarudi, akaitwa tena, na baada ya muda mrefu alimilikishwa kihalali shotigani kuukuu yenye mitutu miwili, iliyokuwa ya mzee mmoja wa mtaa wa Ng'ambo, Tabora mjini, ambaye macho yake hayakuona tena.

Mwalimu wake alikuwa mzee Silasi, mwindaji wa siku nyingi, marehemu sasa, mtu mkali, mgumu wa kusikia na mpenda ugoro, na mara ya kwanza dada alipomwendea alifukuzwa. Mzee alimwambia, "Mke wa mtu haendi porini." Dada akasogea karibu na sikio lake linalosikia, akasema, "Shikamoo mzee. Mimi ni mke wa mtu, ndiyo, na huyo mtu yuko huko huko." Mzee Silasi akavuta ugoro wake, kisha akasema, "Kesho uje na viatu nivione."

Viatu alivyokuja navyo vilikuwa mabuti mapya ya mvua, na mzee alivitupa nje. Alimwambia mwindaji anatembea na viatu laini, vyenye soli inayopinda, ili mguu ukihisi kijiti usimame kabla hakijavunjika. Sweta lake la buluu la kazini, alilolipenda, alikatazwa, kwa sababu mbung'o wanafuata buluu na nyeusi, na ndiyo maana alikwenda hadi Tabora kwa fundi Nurdini kushonewa suruali na shati la rangi ya majani makavu. Fundi Nurdini alimuuliza kama nguo zile ni za shamba, na dada akasema ni za safari, naye fundi hakuuliza zaidi, akamwongezea mifuko miwili bila kuombwa. Sabuni ya kunukia aliacha. Alijishonea kifuko cha kitambaa chembamba akakijaza majivu, ambacho ukikitikisa majivu hupeperuka na kukuonyesha upepo unakwenda wapi, na alijifunza kutikisa kifuko kile kabla ya kila hatua ya maana, kwa kuwa mnyama akishakunusa kazi imekwisha, hata uwe na bunduki ya namna gani.

Shabaha ilimtesa. Siku ya kwanza alipofyatua, kitako cha bunduki kilimpiga begani, akaja kazini mkono hauinuki, na wenzake wa zahanati walimkanda wakicheka na yeye akicheka, na nadhani hicho ndicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu Erasmus apotee. Mzee Silasi hakujali sana shabaha. Alisema kupiga ni jambo la mwisho, na kwamba mtu asiyejua kusoma chini anabeba bunduki bure. Kwa hiyo alimpeleka kando ya mashamba, huku huku ambako hakuhitaji leseni, akamfundisha kutofautisha unyayo wa asubuhi, ambao kingo zake bado ni kali, na wa jana, ambao upepo umeshaulegeza na mdudu ameshaupita juu yake. Alimfundisha kuvunja kinyesi cha mnyama kwa kijiti kuangalia unyevu, kutazama majani yaliyolala yameelekea upande gani, kukaa mahali pamoja na darubini bila kukohoa, na kwenda kuyajua maji yalipo kabla ya msimu, kwa sababu anayejua maji hahitaji kukimbiza mnyama.

Mwaka 2020, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, alipata leseni yake ya kwanza, akachukua likizo, akavuka Koga na Saidi, ambaye sasa alipangiwa kumsindikiza. Msimu ule alikosa kila alichokilenga. Kanga waliruka kabla hajainua bunduki, na mara moja alimkaribia pongo dume hadi akaona masharubu yake, kisha akapiga chafya. Alirudi amekonda, uso umechomwa na jua, bila nyama na bila habari ya mumewe, na kijiji kilimpokea kwa ukimya wa watu wanaomhurumia mtu, ambao yeye aliniambia ni mzito kuliko matusi.

Msimu wa pili alimpiga pongo. Saidi anasema lilikuwa pigo safi, mnyama hakuteseka, na kwamba yeye alikuja mbio kumpa mkono, lakini akamkuta dada amesimama anageuka huku na huku, kama mtu anayemtafuta wa kumwonyesha. Kisha akasema, "Erasmus asingeamini," akachuchumaa akaanza kunoa kisu. Nyama aliigawa kwa majirani, na jioni ile watu walijaa uani kwake, wakala, wakasifu, wakaaga, na yeye akabaki akiosha masufuria.

Ndugu zangu, kila msimu alikuwa akiwinda, na kila msimu alikuwa akitafuta, na Saidi alijua, naye hakusema kwa wakubwa wake kwa sababu hakuna sheria inayomkataza mwindaji kutazama chini. Mwaka 2022, mwaka aliostaafu, dada alimwendea mzee Silasi aliyekuwa mgonjwa kitandani, akamuuliza jambo ambalo halikuwa limeulizwa na mtu. Alimwuliza, "Mzee, wapagazi wa zamani waliotoka Tabora kwenda Ukonongo, wakivuka Koga walikuwa wanakunywa wapi?" Kwa maana alikuwa amewaza hivi, kwamba nyuki hawakai mbali na maji, na Erasmus asingevuka mto wakati wa kiangazi ila kwa kufuata nyuki, basi lazima kuna maji ambayo askari hawayajui. Mzee Silasi, ambaye babu yake alibeba mizigo kwenye njia ile, akamwambia kuna mahali wazee walipaita penye mwamba uliopasuka, upande wa jua linapozama, na kwamba yeye mwenyewe hajapaona, amepasikia tu.

Walipatafuta karibu msimu mzima. Alhamisi tarehe 15 Septemba 2022, wakifuata nyayo za korongo kadhaa, wale swala wakubwa wenye pembe, zilizokuwa zimeelekea pamoja, tena za asubuhi hiyo, waliufikia mwamba, na katikati yake maji meusi yenye nyuki wengi wanaokunywa pembeni. Dada hakuwatazama korongo. Alifuata kwa macho njia ya nyuki walioshiba, akaona juu ya mti mkubwa wa mtundu mzinga mmoja wa gome, umening'inia upande mmoja, kamba yake ya pili imekatika. Akainua mkono, akasema kwa sauti ya kawaida, "Saidi, simama hapo hapo ulipo."

Saidi akanong'ona, "Umeona mnyama, mama?"

Dada akasema, "Nimemwona mume wangu."

Alikuwa chini ya mti, kwenye majani, kile kilichobaki baada ya miaka minne, na pembeni palikuwa na katambuga moja, kiatu cha tairi, ukanda wake umeunganishwa kwa mpira wa dripu ya hospitali. Mpira ule dada aliufunga kwa mkono wake mwenyewe, kwa fundo la kiuguzi ambalo mtu mwingine hafungi hivyo. Hakuwa Mpanda. Alipanda mti kuweka mzinga, kamba ikakatika, na hapakuwa na mtu wa kusikia.

Simu hazishiki kule, kwa hiyo Saidi alilazimika kwenda mbali hadi kwenye kilima kuwaita wenzake na polisi, na dada akakataa kuondoka. Alitoa risasi kwenye bunduki, akaiegemeza, akamfunika Erasmus kwa kitenge, akakaa naye mchana wote huo peke yao. Saidi anasema aliporudi alisikia sauti kabla hajawaona, akadhani mama analia, kumbe anamgombeza. Alikuwa anasema, "Nilikwambia usipande peke yako. Nilikwambia. Na mimi nimekuja hadi huku, mguu wangu huu, unaniona nilivyovaa?" Saidi akasimama nyuma ya mti akasubiri hadi yalipoisha.

Tulimzika Erasmus hapa Ipole tarehe 1 Oktoba 2022, baada ya taratibu zote za polisi na hospitali, na kanisa lilijaa, na waliosema alikwenda Mpanda walikuja pia, dada akawapokea, akawapa viti. Jumapili iliyofuata alisimama ibadani akaomba kupokelewa katika umoja wa wajane.

Sisi tulidhani mambo yamekwisha. Lakini Julai ya mwaka 2023 Suzana alimkuta mama yake anapaka bunduki mafuta, akamwambia, "Mama, baba umeshampata, umeshamzika. Unaenda tena kutafuta nini?" Dada akajibu, "Sitafuti. Sasa naenda kuwinda." Na kweli alikwenda. Aliniambia siku moja kwamba nyumbani upweke unamkalia kifuani, lakini porini kila kiumbe kiko peke yake na hakuna anayekihurumia, kwa hiyo kule anapumua. Mara nyingi alirudi bila kupiga chochote, na hakuonekana kujali.

Mwishoni mwa mwaka huo alianza kuvimba miguu na kubanwa pumzi, na vipimo vikaonyesha moyo umetanuka. Akiwa muuguzi alijua maana yake kabla hajaambiwa. Msimu wa mwaka 2024 hakuomba leseni, ila alimwomba Saidi ampeleke hadi ukingo wa Koga, akakaa kwenye gari, mlango wazi, akitikisa kifuko chake cha majivu na kutazama yanakoelekea. Februari mwaka huu alilazwa Tabora mjini, akapata nafuu, akarudi nyumbani, lakini mwanzoni mwa Mei hali ilibadilika, akarudishwa hospitali, na asubuhi ya Jumapili tarehe 11 Mei 2025 alifariki dunia, Julieth na Suzana wakiwa kando yake. Ameacha mabinti hao wawili, wajukuu watano, na sisi wadogo zake wawili. Bunduki yake tumeikabidhi polisi kama sheria inavyotaka.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea kama mwenzao na kumhudumia usiku na mchana, watumishi wa zahanati ya Ipole, mchungaji na wazee wa kanisa, umoja wa wajane ambao hawakumwacha tangu siku aliyojiunga, fundi Nurdini aliyefunga cherehani yake leo akaja, Saidi na askari wenzake, wafuga nyuki, na majirani wote mliobeba maji, kuni na huzuni hii pamoja nasi. Siwezi kuwataja wote, msiotajwa mtusamehe.

Dada Asnath, kwa miaka mingi ulikula peke yako katika nyumba ile, na mtu aliyepita barabarani jioni aliona taa moja tu. Leo watu wamejaa uani hadi barabarani, viti vimeazimwa vijiji viwili na bado havitoshi, mabinti zako wako jikoni, vyungu vimeinjikwa, na kila anayeingia anauliza, "Dada yuko wapi?" kisha anakumbuka. Tungekuja hivi ukiwa hai. Nenda ukapumzike, dada yangu, Mungu akupe amani yake, na pale unapolala leo usiwe peke yako.